Kuchimba visima vya kupima petroli iliyovuja, pwani ya Tanga

Petroli ikivuja kutoka kwenye tangi la ardhini hushuka mpaka ikute maji, kisha huelea juu yake na kusogea yanakoelekea. Kwa hiyo kisima cha kupima hakichimbwi kama kisima cha kunywa. Hakifuati maji ya kina. Kinafuata pale mchanga mkavu unapokutana na mchanga mbichi.

Tanga mahali hapo hapatulii. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na karibu na ufuko, hasa penye mwamba wa matumbawe, maji ya ardhini hupanda na kushuka nayo. Chimba tundu la majaribio, upime kina cha maji kila saa kwa saa 25, siku za bamvua (bahari inapojaa na kupwa zaidi) na si za maji mafu. Bomba la matundu lianze mita 1 juu ya usawa wa juu kabisa ulioupata, na mwisho wake ubaki ndani ya maji hata yakipwa. Urefu wa mita 3 hutosha pale tu maji yanapopanda na kushuka chini ya mita 2. Likikaa chini mno, petroli itaelea nje ya sehemu ya bomba isiyo na matundu, sampuli itatoka safi, na majirani wataendelea kunywa maji yenye benzini, kemikali ya sumu iliyomo ndani ya petroli.

Kibali cha kuchimba kinatoka Bodi ya Maji Bonde la Pangani. Mita 1.5 za kwanza chimba kwa mkono, maana nyaya na mabomba yaliyofukiwa hayaonekani. Visima visipungue vitatu, vikae pembetatu: viwili havionyeshi maji yanaelekea wapi.

Tumia bomba la plastiki ya PVC la inchi 2, la kufunga kwa kuzungusha kama skrubu, matundu ya milimita 0.25 hadi 0.5. Gundi ya PVC marufuku. Kemikali zake zitaonekana maabara. Kuzunguka bomba mimina mchanga wa silika uliooshwa, wa chembe zinazolingana, mpaka sentimita 60 juu ya matundu. Mchanga wa ufukweni haufai: una chumvi, na vipande vya kombe ndani yake ni chokaa. Hesabu ndoo unazomimina. Tundu la inchi 8 humeza kama lita 30 kwa kila mita. Limejaa kwa lita 15? Mchanga umekwama njiani, na chini pana uwazi. Limemeza 60 bado halijajaa? Umekuta pango kwenye mwamba.

Juu ya mchanga weka sentimita 60 za bentonaiti (udongo unaovimba ukilowa), uiloweshe kwa maji ya bomba, kwani kwenye maji chumvi haivimbi vizuri. Subiri saa kadhaa ivimbe. Ukiharakisha saruji, itapenya kwenye mchanga na pH ya maji (kipimo cha tindikali na alikali) itapanda kupita 10. Hapo kisima kimeharibika. Malizia kwa uji wa saruji, sakafu ya zege yenye mwinamo, na kifuniko cha kufuli. Bila kizuizi hicho, mvua ya masika itapeleka uchafu wa juu moja kwa moja chini.

Saruji ikishakauka, sukuma na vuta maji ndani ya bomba, uyatoe mpaka yawe maangavu, kisha uache kisima wiki moja.

Siku ya kuchota, pima kina cha maji katika visima vyote ndani ya saa moja, la sivyo utakuwa unalinganisha maji kujaa na maji kupwa. Anza na kisima unachoamini ni kisafi zaidi. Jenereta ikae mbali, upande upepo unakoelekea. Pampu itoe mililita 100 hadi 500 kwa dakika, na maji yasishuke zaidi ya sentimita 10. Kila dakika 5 soma pH na upitishaji umeme. Vipimo vitatu mfululizo vikitofautiana kwa pH 0.1 na upitishaji asilimia 3 tu, chota. Upitishaji ukizidi kupanda, unavuta maji chumvi kutoka chini: punguza kasi.

Chupa ya mililita 40 ina tindikali ndani, usiifurishe ikamwagika. Jaza taratibu mpaka maji yatune mdomoni, funga, ipindue, igonge kwa kidole. Ukiona kiputo, itupe uchukue nyingine, kwa sababu benzini hukimbilia humo. Weka kwenye barafu, nyuzi joto 4 za Selsiasi, ifike maabara na kupimwa kabla ya siku 14.