Kupakia kahawa behewani, Kigoma

Kabla hujaita wapagazi, ingia behewani mwenyewe, waambie wafunge milango yote miwili, usimame gizani. Panapopenya mwanga ndipo mvua ya Kilosa itakapopita. Tundu dogo la bati lizibe. Sakafu ikiwa imeoza, likatae behewa, hata stesheni masta akununie.

Ukiwa humo humo, nusa. Kahawa hunyonya harufu, na kwetu Kigoma behewa lililotoka kubeba dagaa halisafishiki kwa ufagio. La mbolea au ngozi mbichi, vivyo hivyo. Kahawa ya Burundi imeshavuka ziwa kwa meli kutoka Bujumbura, na ina kilomita 1,250 hivi za reli hadi Dar es Salaam. Hiyo ni siku nyingi za kukaa na uvundo.

Sasa soma ubavuni. Uzito wa behewa tupu na mzigo linaoruhusiwa umeandikwa kwa rangi. Tuseme ni tani 30. Gunia la kahawa ni kilo 60, kwa hiyo karani mvivu atakwambia magunia 500. Asikudanganye, juti nayo ina uzito wake. Ishia 490.

Anzeni kupanga kutoka ncha mbili mkija katikati, ili magurudumu ya mbele na ya nyuma yabebe sawa. Safu moja ilale kwa urefu, inayofuata kwa upana, zishikane. Mlangoni ndipo wengi wanapoharibu. Milango ile ni ya kusukuma pembeni. Mabehewa yakigongana Tabora wakati wa kushantiwa, yaani kusukumwa na kuunganishwa upya, mzigo unasogea na kuubana mlango. Huko Dar es Salaam wataufungua kwa mtaimbo, na mtaimbo haujui gunia. Kwa hiyo safu za mlangoni zirudi ndani kidogo kila zinapopanda, na gunia lolote lisiegemee mlango.

Wapagazi wapite mmoja mmoja. Kila gunia likipita karani achore mstari; ikifika minne, wa tano aukatishe juu yake. Akianza kupiga soga, simamisha kazi.

Makontena yalipoingia, la futi 20 lilibeba magunia 320 hivi, na watu wakadhani taabu imekwisha. Taabu yake ni jasho. Mchana bati linachemka, usiku kule Manyoni baridi inalipiga, na unyevu uliotoka kwenye kahawa unadondoka kutoka darini juu ya magunia. Tandaza karatasi nene za kaki ukutani, na nyingine juu ya mzigo.

Makontena yakipandishwa kwenye behewa la wazi, yapangwe mawili mawili, milango itazamane karibu karibu, mwizi akose pa kuifungulia. Mimi niliamini hivyo kuliko lakiri, ule muhuri wenye namba unaofungwa mlangoni. Hata hivyo namba ya lakiri iandike kwenye hati kabla treni haijaondoka, maana ndiyo watakayokuuliza kwanza bandarini.