Zima, chomoa ufunguo, subiri
Ukimfundisha mkulima usalama wa trekta, usiishie kwenye maneno. Mpeleke kwenye shafti inayoendesha mashine ya nyuma. Kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde moja: uzi uliochomoza kwenye mkono wa shati ukinaswa, nguo imeshavutwa kabla hujapiga kelele. Kisha afanye mwenyewe, tena na tena: azime injini, achomoe ufunguo autie mfukoni, asubiri shafti isimame kabisa, ndipo azibue majani yaliyokwama. Aliyesikia tu husahau siku ya haraka, mvua inaponyemelea. Aliyerudia kwa vitendo, mkono wake hukimbilia ufunguo bila hata kufikiri. Na kinga ya shafti ikipasuka, tafadhali, ibadilishwe kabla ya kuwasha.