SOMO: Daftari la kushona kwa mkono lenye jalada la kitenge, zawadi ya mtoto wa miaka 11 hadi 13

Kila likizo swali ni lile lile: mtoto midoli kaiacha, simu bado mapema, nimtengenezee nini kwa mkono wangu? Jibu langu ni daftari. Umri huu mtoto anaanza kuwa na mambo yake ya kuandika, na kitu cha kitoto anakitambua upesi. Naweka somo zima hapa ili tusirudie kila mwaka.

Vifaa: karatasi 30 za A4 gramu 80, mbili za rangi, A3 moja nyembamba isiyo na maandishi, kadibodi ngumu ya mm 2 (faili kuukuu la ofisi linafaa), kitenge cha pamba sm 36 × 26, vipande viwili vya utepe wa pamba wenye upana wa sm 1.5 na urefu wa sm 8, bandeji ya pamba, mita 1.5 za uzi wa kushonea viatu uliopakwa nta ya mshumaa, gundi nyeupe ya mbao, unga wa ngano, sindano, msharasi wa kutobolea, rula ya chuma na wembe.

1. Kunja karatasi katikati, uzipange tano tano. Unapata mafungu 6, kurasa 120.

2. Toboa kwenye mkunjo wa kila fungu: sm 1.5, 6, 8, 13, 15 na 19.5 kutoka juu.

3. Shona. Ingia tundu la kwanza kutoka nje, toka la pili, ruka juu ya utepe (umelazwa mgongoni kati ya tundu la pili na la tatu, na mwingine kati ya la nne na la tano), ingia la tatu, endelea hivyo hadi mwisho. Weka fungu la pili juu yake, rudi ulikotoka, ufunge na mkia wa uzi. Kuanzia fungu la tatu, kila ukifika mwisho pitisha sindano chini ya mshono unaounganisha mafungu mawili ya chini kabla ya kupanda. Uzi uvutwe sambamba na mgongo. Ukivutwa kwenda juu unachana karatasi.

4. Kunja karatasi za rangi katikati, uzibandike mbele na nyuma kwa ufito wa gundi wa mm 3 tu. Paka gundi mgongoni, bandika bandeji inayozidi sm 3 kila upande.

5. Kitenge. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Ukipaka gundi ya mbao moja kwa moja kwenye kitenge, inapenya nyuzi na kutokea upande wa mbele kama madoa yanayong'aa, na hayatoki. Lazima kitambaa kipewe bitana ya karatasi (ile A3) kwanza. Fua kitenge kuondoa dawa ya dukani, maana nayo inazuia gundi kushika, kisha kipige pasi. Pika vijiko vitatu vya unga wa ngano kwa kikombe kimoja cha maji, ukikoroga hadi uji uwe mzito na kuwa kama kioo, uuache upoe. Laza kitenge kifudifudi juu ya kioo kilicholowa kidogo, nyoosha nyuzi ziwe wima. Paka uji kwenye KARATASI, si kwenye kitambaa, subiri dakika mbili karatasi itanuke, ndipo uilaze na kuikandamiza kutoka katikati kwenda pembeni. Iache usiku kucha. Ikiwa bado baridi ukiigusa, haijakauka. Usiikaushe kwa pasi, itajikunja.

6. Kata kadibodi mbili za sm 14.5 × 21.6, na ufito wa manila wa sm 21.6 wenye upana wa unene wa mgongo pamoja na kadibodi zote mbili. Bandika kwenye bitana, ukiacha mm 7 kila upande wa ufito. Kata pembe za kitambaa kimshazari, ubakize mm 4 kutoka kwenye ncha ya kadibodi, la sivyo kadibodi itachungulia. Kunja kingo ndani.

7. Ingiza daftari kwenye jalada: nailoni ndani ya karatasi ya rangi, gundi nyembamba juu ya karatasi hiyo, tepe na bandeji chini yake, funga, tofali juu hadi kesho. Usifungue kuchungulia.

MASWALI

Mama Shani: Naweza kutumia gundi ya mbao hatua ya 5? Uji unachelewesha.
— Hapana. Sababu imeandikwa hatua hiyo hiyo.

Kijana wa Bara: Vipimo vya kadibodi ni vipi?
— Hatua ya 6.

Mwl. Zuhura: Daftari zangu zinakataa kulala wazi, zinajifunga zenyewe. Kushona nimeshona vizuri. Tatizo nini?
— Swali zuri, mwalimu. Karatasi ina mwelekeo wa nyuzi. A4 nyingi za rimu zina nyuzi zinazokwenda na urefu, kwa hiyo ukizikunja katikati mkunjo unakata nyuzi na karatasi inakaidi. Nunua A3 yenye nyuzi za urefu, ikate katikati upate A4 mbili: sasa nyuzi zinafuata mkunjo. Kujua mwelekeo, chana kipande: upande unaochanika kwa mstari ulionyooka ndio wenye nyuzi. Kadibodi nayo nyuzi zisimame sambamba na mgongo, ikienda kinyume jalada linapinda.

Bi Mkubwa wa Tanga: Nataka kutumia kanga, jina (yale maandishi yake) lisomeke mbele.
— Pima kwanza, shangazi. Jalada la mbele ni sm 14.5 tu na majina mengi ni marefu kuliko hapo. Likikatika maana inaharibika. Chukua ua la mji (sehemu ya katikati ya kanga) au kipande cha pindo. Kanga ni nyepesi kuliko kitenge, kwa hiyo uji uwe mzito zaidi.

Mzee wa Pwani: Huku mende wanakula uji wa ngano.
— Kweli, wanaupenda. Tia matone mawili ya mafuta ya karafuu uji ukishapoa, na daftari lisikae sandukuni likiwa na unyevu.

Baba Juma: Wangu wa kiume hataki maua.
— Kitenge cha mistari, au jinzi kuukuu. Jinzi ni nene, haina haja ya bitana, ila ongeza mm 2 kwenye kila nafasi ya mgongo. Mfuko wa nyuma wa suruali ukiubakiza kwenye jalada, kalamu inakaa humo.