Somo: Kuchambua fani ya picha ya mwanamke, hatua kwa hatua

Shuleni tulizoea fani na maudhui kwenye riwaya na ushairi. Picha ya kuchorwa nayo ina fani yake, na leo tunaanza na hiyo. Tutumie picha ya Madeleine, aliyoichora Marie-Guillemine Benoist mwaka 1800 kwa rangi za mafuta juu ya turubai. Iko kwenye makumbusho ya Louvre, Paris. Ifungue kwenye simu uwe nayo mbele yako.

Hatua ya 1. Itazame dakika tano bila kuandika wala kusoma maelezo. Ukishasoma habari zake, macho yatatafuta yale uliyoyasoma tu.

Hatua ya 2: Mkao. Mwanamke ameketi kitini, mwili ameupa upande, uso ametugeuzia sisi. Anza na sentensi nyepesi kama hiyo. Kisha fuata mstari kutoka kilembani, shingoni, begani, ushuke na mkono hadi mapajani. Hakuna kona kali njiani.

Hatua ya 3: Mwanga na rangi. Hapa kaa sana. Nyuma yake hamna pazia wala dirisha, ni ukuta mtupu wa rangi hafifu. Kilemba ni cheupe, nguo ni nyeupe, na katikati ya weupe huo ndipo ilipo ngozi yake. Jicho halina pengine pa kwenda. Sasa kuza picha kwenye bega: mwanga unapogusa pana mng'ao, kivulini kahawia inakolea, na kati ya hapo na pale rangi inabadilika polepole. Wanafunzi wengi huandika "ngozi nyeusi" wakapita. Tafadhali usipite, maana kazi kubwa ya mchoraji iko hapo.

Taja pia utepe mwekundu kiunoni na shali ya buluu iliyotandikwa kitini. Zitaje tu, maana yake inakuja.

Hatua ya 4: Vitu. Mikunjo ya kitambaa, hereni ya dhahabu. Titi moja li wazi: liandike bila kuzungukazunguka, kwa kuwa mchoraji ameliweka penye mwanga.

Hatua ya 5: Ndipo maudhui. Ufaransa ilifuta utumwa katika makoloni yake mwaka 1794, na Napoleon akaurudisha 1802. Madeleine alitoka Guadeloupe, koloni la Ufaransa huko Karibi, na picha hii imechorwa katikati ya miaka hiyo. Rudi sasa kwenye nyekundu, nyeupe na buluu: ni rangi za bendera ya Ufaransa. Ukiwa umeziandika mapema, hoja yako ina pa kusimama.

Maswali ya wanakikundi

*Mwalimu, mbona nimeikuta kwa jina jingine?*
Jina la zamani lilitaja weusi wake tu, kana kwamba hakuwa na jina. Mwaka 2019, kwenye maonyesho ya Musée d'Orsay, makumbusho mengine ya Paris, ilitundikwa kwa jina la Madeleine. Nami namwita kwa jina lake.

*Naweza kuandika kwamba ana huzuni?*
Tuonyeshe huzuni iko wapi. Midomo imefungwa, macho yanatutazama moja kwa moja. Andika hayo kwanza. Neno "huzuni" likija baadaye, msomaji ataamua kama anakubaliana nawe.

*Kilemba chake kimenikumbusha bibi yangu. Niseme?*
Kumbukumbu hiyo ikusaidie kutazama, dada: kitambaa kimezungushwaje, kimebana wapi, kimelegea wapi. Lakini kwenye insha eleza kilemba cha Madeleine. Cha bibi kina hadithi yake.

*Sisi hatutafika Paris. Tunakosa nini kwenye simu?*
Ukubwa, ndugu yangu. Simuni picha zote zinalingana. Chukua chaki, pima ukutani kimo cha sentimita 81 na upana wa 65, kisha simama hatua mbili mbele yake. Mwanamke anayejaza nafasi hiyo anakaribia ukubwa wa mtu aliyeketi mbele yako, na anakutazama.