Jinsi ya Kuomba Kumbukumbu za Familia ya Kisiwa cha Barra, Uskoti

Usianze na ngome. Wengi wenye jina la MacNeil hukimbilia Kisimul, ngome ya machifu wa Barra, wakijihesabu wajukuu wa chifu, ilhali wakulima wengi walijiita kwa jina la bwana wao bila kuwa damu yake. Anza na mtu unayemjua kwa hakika, urudi nyuma mzazi kwa mzazi.

Jisajili kwenye ScotlandsPeople, tovuti ya serikali ya Uskoti. Kujisajili na kutafuta jina ni bure. Kufungua picha ya ukurasa hulipiwa kwa krediti, pointi zinazonunuliwa kwenye tovuti hiyo. Uandikishaji wa lazima wa vizazi, ndoa na vifo ulianza tarehe 1 Januari 1855. Picha za vizazi hufunguliwa baada ya miaka 100, ndoa 75, vifo 50. Za karibu zaidi ya hapo, agiza cheti rasmi hapohapo.

Mwaka 1855 ni dhahabu. Makarani waliuliza umri na mahali walipozaliwa wazazi, hata watoto wengine. Kazi iliwaelemea, na 1856 maswali yakapunguzwa. Kwa hiyo tafuta pia kaka na dada wa babu yako, huenda mmoja aliandikwa mwaka huo.

Majina yatakusumbua: nyumbani ni ya Kigaeli, lugha ya visiwani, ofisini ni ya Kiingereza. Ruairidh wa nyumbani ni Roderick wa ofisini, na Iain ni John. Mac ni mwana wa, Nic ni binti wa, kama bin na binti zetu. Kijijini mtu huitwa Ruairidh Iain Dhòmhnaill: Ruairidh wa Iain wa Dòmhnall. Andika mlolongo huo kama bibi anavyoutamka, usiusahihishe.

Kwenye sensa ya 1841, umri wa watu wazima ulishushwa hadi tano ya karibu: wa miaka 39 huandikwa 35. Kabla ya 1855 tegemea vitabu vya kanisa, na kwa Barra fungua vya Kikatoliki kwanza. Familia iliyomo kwenye sensa ya Machi 1851 lakini haimo ya 1861, itafute Kanada: mwaka 1851 mwenye ardhi, Gordon wa Cluny, aliwapakia wapangaji wake melini.

Ukikwama, iandikie Seallam!, kituo cha nasaba kilichopo Northton, kisiwani Harris. Visiwani swali la kwanza ni «Cò leis thu?», wewe wa nani? Taja kijiji, baba na babu.