Kamera ya kopo la maziwa: kupiga picha Lamu bila lenzi

Ibn al-Haytham, mtaalamu wa elimu ya mwanga aliyefia Cairo, alieleza yapata miaka 1000 iliyopita jinsi mwanga unavyopenya tunduni na kuchora sura iliyopinduka. Kampuni ya Kodak walipouza kamera yao ya Brownie kwa dola 1 mwaka 1900, angalau waliitia lenzi. Yetu haina: kopo, tundu na karatasi ya picha nyeusi-nyeupe, basi.

Kazi yote iko kwenye tundu. Kata kipande cha kopo la soda, sentimita 3 kwa 3, kiweke juu ya kadibodi, ukidunge kwa ncha tu ya sindano, kisha usugue kinundu kwa msasa laini. Dunga tena, sugua tena. Kopo lenye kipenyo cha sentimita 10 lataka tundu la milimita 0.4 hivi, liweke juu ya rula, ulipige picha kwa simu na kulikuza. Likizidi, picha hukosa ukali. Likipungua sana pia hukosa ukali, kwa kuwa mwanga hutawanyika ukingoni. Toboa ubavu wa kopo kwa msumari, ubandike kipande hapo kwa tepu nyeusi ya umeme; tepu nyingine iwe kifuniko cha tundu.

Paka ndani rangi nyeusi isiyong'aa. Mfuniko wa plastiki ndio msaliti mkubwa: hupitisha mwanga, nawe utalaumu karatasi bure. Upake, kisha uuzungushie tepu.

Nyumba za kale za mawe zina chumba cha ndani kisicho na dirisha. Hapo, kwa taa nyekundu, pachika karatasi ikiwa imejikunja upande wa pili wa kopo, uso wenye dawa ukitazama tundu. Hujui uso ni upi? Gusisha pembe kwa mdomo uliolowa: upande wenye dawa hunata.

Kwenye jua kali fungua sekunde 45 hadi dakika 1. Kwenye kichochoro chenye kivuli, anza na dakika 6. Weka jiwe juu ya kopo, upepo wa kusi hauna adabu. Punda apitaye hatatokea kabisa, na jahazi lililotia nanga litatoka kama moshi. Karatasi haioni nyekundu, kwa hiyo kanga nyekundu hutoka nyeusi. Kuta za chokaa saa sita mchana hutoka nyeupe tupu. Ngoja saa kumi.

Joto ndilo huharibu usafishaji. Dawa ya kusafishia, ile inayoitoa picha kwenye karatasi, yataka nyuzi 20, ilhali maji ya bomba Lamu yana joto zaidi, na picha hukimbilia weusi. Weka beseni la dawa ndani ya beseni kubwa la maji, na chupa ya barafu iliyofungwa uitie kwenye hilo la nje, si kwenye dawa. Karatasi ikae kwenye dawa dakika 1 na nusu, kisha siki nyeupe ya kuizima dawa (sehemu 1 kwa maji 2) sekunde 15, kisha dawa ya kuimarisha (huizuia picha isiendelee kubadilika kwa mwanga) dakika 2, na maji safi dakika 5. Maji ya kisima yenye chumvi usiyatumie kumalizia.

Ipige picha kwa simu, ugeuze rangi (nyeusi iwe nyeupe), na pia kushoto kwa kulia, la sivyo vibao vya maduka vitasomeka kinyume.