Bekapu iliyosimbwa kwa restic kwenye kompyuta za ofisi, na jinsi saa mbovu inavyofuta nakala

Wiki iliyopita nilimalizia kazi ya bekapu kwenye ofisi ya uhasibu ya rafiki yangu hapa Tanga. Kuna kompyuta nne za Ubuntu, na ya tano, ya zamani, nimeigeuza seva (192.168.1.10).

1. Programu

`sudo apt install restic`

Naipenda restic kwa sababu inasimba data (inaigeuza isisomeke bila nenosiri) hukohuko kwenye kompyuta kabla haijapita kwenye waya. Mwizi akiibeba seva, hana atakachosoma. Folda ya mtandao iliyoachwa wazi siikubali: kirusi kinachofunga mafaili kikiingia kompyuta moja, na bekapu nayo imekwenda.

2. Ufunguo wa SSH

SSH ndiyo njia ya kuingia kwenye seva kupitia mtandao. Tengeneza ufunguo wake ukiwa root (msimamizi mkuu wa kompyuta), maana cron (ratiba ya kazi za kujiendesha) ya usiku itaendeshwa na root. Kisha, ukiwa root huyohuyo, ingia kwenye seva mara moja kwa mkono ujibu `yes`. Usipofanya hivyo utakuta "Host key verification failed" asubuhi.

3. Hifadhi

`restic -r sftp:bekapu@192.168.1.10:/srv/bekapu init`

Nenosiri utakaloweka hapa likipotea, data imepotea. Hakuna mlango wa nyuma. Ongeza la pili kwa `restic key add`, liandike kwenye karatasi, na karatasi ikae nje ya ofisi.

4. Saa, kabla ya kufuta nakala za zamani

Hapa ndipo nilipopoteza siku mbili. Bekapu zilikuwa zinakwenda kila usiku bila kosa lolote. Siku mhasibu alipofuta faili la mishahara, nikarudisha nakala ya mwisho ya kompyuta yake kwa `restic restore latest`, likarudi la wiki sita nyuma.

Nilishuku diski, nikashuku waya, nikaendesha `restic check`: hifadhi nzima. Kumbe betri ya ubao-mama wa kompyuta ya mhasibu, ile CR2032 inayotunza saa, ilikuwa imekufa. Umeme ukikatika, kompyuta ile inawaka ikiwa na tarehe ya miaka ya nyuma, na bando la ofisi likiwa limeisha hakuna intaneti ya kuisahihisha saa. SSH kwa funguo za kawaida haiangalii tarehe, kwa hiyo haikulalamika. Nakala mpya zikaandikwa kuwa za miaka ya nyuma, kisha amri yangu ya usafi, inayobakiza nakala za siku 7 na wiki 4 za karibuni tu,

`restic forget --keep-daily 7 --keep-weekly 4 --prune`

ikaziona kuukuu kuliko zote, ikazifuta. Kila usiku nakala mpya ndiyo iliyotupwa, za zamani zikabaki.

Kwa hiyo badilisha betri kwanza. Pili, usitegemee intaneti kwa saa: weka chrony (programu ya kulinganisha saa) kwenye kompyuta zote. Kwenye seva, ndani ya `/etc/chrony/chrony.conf`, ongeza:

`allow 192.168.1.0/24`
`local stratum 10`

Kwenye kompyuta nyingine:

`server 192.168.1.10 iburst`

Hakikisha kwa `timedatectl`. Unataka "System clock synchronized: yes". Betri ya seva nayo iwe nzima, kwani sasa kompyuta zote zinafuata saa yake. Tatu, `forget` isiendeshwe na kompyuta za wafanyakazi. Mimi huiendesha mwenyewe Ijumaa, kwanza na `--dry-run` (jaribio lisilofuta kitu), nasoma tarehe za zinazotaka kufutwa, ndipo naondoa `--dry-run`.

Saa mbovu inaharibu na kufuli, yaani alama ambayo restic huiweka kwenye hifadhi inapoitumia. Umeme ukikatika katikati ya kazi unaweza kuambiwa baadaye kwamba hifadhi imefungwa. Amri ya `restic unlock` huondoa kufuli zilizopitwa na wakati tu. Kompyuta yenye saa iliyotangulia inaweza kudhani kufuli hai ya mwenzake imepitwa. Na `--remove-all` usiiguse kabla hujahakikisha hakuna kompyuta nyingine inayofanya kazi.

5. Cron na jaribio

Panga kila kompyuta saa yake, zipishane nusu saa. Mara moja kwa mwezi:

`restic restore latest --host kompyuta2 --target /tmp/jaribio`

Usiangalie mafaili kwa wingi wake. Fungua moja lililobadilishwa jana, umwite mwenye kazi athibitishe kwamba alichokiandika jana kimo.